Kitanda cha Karantini

Jumatatu, 6 Oktoba
Mtoto kaota jino. Mimi sijaota hata ndoto, maana kulala kwenyewe hakuna.
Kazini, bosi wa zamu katangaza: Alhamisi uwanja wa ndege wote utafanya zoezi. Abiria akishuka na ugonjwa wa kuambukiza, tuko tayari? Anatakiwa mgonjwa wa kuigiza. Atasukumwa hadi chumba cha karantini, alale. ALALE! Shuka nyeupe, mlango unafungwa, haruhusiwi mtu kuingia. Mimi ninayesukuma viti vya wagonjwa kutwa, nisukumwe! Nafasi hiyo ni yangu, watake wasitake.

Jumanne, 7 Oktoba
Mdomo, tunayesukuma naye viti, naye anaitaka. Eti aliigiza shuleni. Aliigiza mti! Nikamwambia bosi, kwa upole tu, kwamba mgonjwa asiyenyamaza hata kumeza mate hataaminika. Kisha nikakohoa. Bosi akarudi nyuma. Nimepata!
Mdomo kanuna. Kasema mpora nafasi za wenzake hafiki mbali. Nikamjibu sina safari ndefu, naishia kitandani.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama mkwe kauliza mbona natia mto mkobani. Nikasema ni kifaa cha kazi. Kanitazama weee, kisha akasema kazi ya namna hiyo nimwombee na yeye.
Mwanangu kanishika kidole, hataki kuachia. Nimembusu. Nimemwambia mama akilala kesho, atarudi mtu mpya.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ole wangu!
Ngazi za ndege nilishuka vizuri, nakohoa kwa mpangilio. Nikakaa kitini, Mdomo akaanza kusukuma. Kumbe kiti kinabembeleza hivi! Nikalala kabla hata ya kupimwa joto. Fofofo, mdomo wazi. Naambiwa waliniita, kimya. Mdomo akanitikisa, kimya. Daktari, kavaa plastiki toka utosini hadi unyayoni, akapiga kelele kwamba hapa maigizo yameisha. Kila aliyenigusa afungiwe nami!
Waliokuwa wamenigusa? Mdomo, na bosi aliyenipa mkono wa heri.
Nilipozinduka, tuko karantini, bosi kalalia mto wangu kitandani kwangu. Mimi niko kitini bado. Mdomo anasimulia ule mti, tangu mbegu. Nikagonga kioo cha mlango, jamani mimi mzima, nilisinzia tu! Daktari akasema wagonjwa wote husema hivyo, tusubiri vipimo. Majibu yalikuja jua likizama. Sikupata tena hata lepe la usingizi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nilikwenda nikijua nafukuzwa. Kumbe nasifiwa! Daktari kasema bila mimi wasingegundua kwamba watu watatu wana kitanda kimoja. Vingine vinaagizwa. Mdomo anatamba kuwa alinisukuma kwa ustadi. Tumecheka mpaka bosi akatufukuza ofisini.
Mwezi ujao kuna zoezi la moto. Anatakiwa mtu aliyezimia kwa moshi, abebwe kwa machela. Machela! Unanyooka mwili mzima! Nimejiandikisha wa kwanza. Mbele atabeba Mdomo, nyuma bosi. Safari hii hakuna cha kuharibika.