Cheti cha Kukomaa

Kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Nyanda Kame, hapa Kitui, ninayo furaha kutangaza kwamba hakuna mfanyakazi wetu atakayeruhusiwa tena kustaafu ovyo ovyo. Zamani mtu alikuwa akifika umri, anaimbiwa, anapewa blanketi na chupa ya chai, anaenda nyumbani kuzubaa. Aibu hiyo imekwisha. Sasa kuna Kurugenzi ya Maandalizi ya Kustaafu kwa Heshima, na mkurugenzi wake ni mimi, Daktari Evanson Kitheka.

Kanuni yetu ni rahisi. Anayetaka kustaafu hutembelewa kwake na Kamati ya Tathmini. Ikiridhika kwamba amejiandaa, anapewa Cheti cha Kukomaa na kwaheri. Isiporidhika, anatangazwa Hajakomaa na anaendelea kuja kazini mpaka akomae. Wapo waliosema huu ni wazimu. Hao ndio tuliowatangaza Hajakomaa kwanza.

Kasiva, karani wa kamati, alitaka kurudi kwao Kikima kabla ya mvua ya Novemba. Alikuwa na shamba, ng'ombe, wajukuu na kwaya ya kanisa. Nilimuuliza dira yake ya miaka kumi ni ipi. Akasema ni kupanda mbaazi. Nikamuuliza, na baada ya mbaazi? Akasema ni kuzivuna. Kwa masikitiko makubwa nikamtangaza Hajakomaa, naye akarudi mezani kuniandikia kumbukumbu za mikutano. Hakunung'unika, nami nikachukulia kwamba ananishukuru.

Ila mimi pia nilikuwa nimefika umri. Sikuona tatizo, maana nikistaafu mimi nani atawaandaa wastaafu? Niliomba Baraza la chuo liniongezee miaka. Nyumba ya chuo nilishaizoea, dereva nilishamzoea, na kusema kweli niliogopa sana kuamka asubuhi pasipo mtu wa kuniita Director. Baraza likajibu kwamba sheria ni msumeno: nitaongezewa iwapo kamati yangu mwenyewe itanitangaza Hajakomaa.

Nilifurahi kupita kiasi. Kwangu ni Kalamba, na huko nilikuwa naenda Krismasi na matanga tu, nanywa chai sebuleni, narudi kabla gari halijashika vumbi. Shamba la nyuma nililiacha mawe matupu, na korongo katikati. Kila nilipompigia mke wangu Mwongeli kumwambia niko mkutanoni, alinijibu kwamba yeye yuko kwenye mwethya, kile kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Nilichukulia ni mambo ya kina mama.

Nikawaasa wanakamati wasinipendelee. Mficha uchi hazai, niliwaambia, andikeni ubovu wote mtakaouona.

Tulifika Kalamba asubuhi, Kasiva akiwa mbele na kalamu yake. Nilishuka garini na uso wa huzuni niliouandaa tangu tulipopita Malili, nikawaongoza hadi nyuma ya nyumba kuwaonyesha korongo.

Korongo halikuwapo. Mteremko wote ulikuwa umekatwa matuta, yamejengewa mawe na kushikwa na nyasi. Palikuwa na michungwa, zizi la mbuzi, ghala lililojaa, na bwawa la kuvunia maji. Huko chini, watu wa mwethya walikuwa wanachimba tuta la mwisho. Zamu hiyo ilikuwa ya kwetu.

Nilijitetea kwa kila njia. Niliwaeleza kwamba mimi sijagusa hata jiwe moja, kwamba mbuzi wale wakipotea siwezi kuwatambua. Wakasema unyenyekevu ni dalili ya ukomavu wa hali ya juu. Nikasema sina dira. Profesa Musyimi, mwenyekiti wa kamati, ambaye ameipenda ofisi yangu siku nyingi kwa sababu ya dirisha lake, akasema dira yangu anaiona hadi kwenye michungwa.

Kasiva akamgeukia mke wangu. "Mama Muli, huyu mzee akikuja leo, kuna kitu atakosa hapa?"

Mwongeli akajipangusa mikono kwa leso. "Hakuna. Ni yeye tu tumekuwa tukikosa. Kila mara naambia watu ako kwa meeting, mpaka wakaacha kuuliza."

Niliona haya, na nilitamani dereva apige honi.

Cheti kilitoka hapo hapo: Kukomaa kwa Daraja la Juu. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na mkurugenzi wa kumtangaza mtu Hajakomaa, Kasiva alijiandikia chake juu ya boneti, Musyimi akatia sahihi bila kuuliza habari za miaka kumi. Gari likaondoka kupitia Kikima, ili Kasiva afike kwao mapema.

Nilibaki na suti. Nikawasogelea wana mwethya, nikajitambulisha kwa vyeo vyangu vyote, nikapendekeza tuanze na semina fupi ya siku mbili. Kiongozi wao, mama mmoja mtu mzima aitwaye Ndunge, alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Karibu sana," akasema. "Lakini hapa mtu mpya anabeba mawe. Kuchimba ni ya wale wamezoea."

Nikamuuliza, kwa upole, kama anajua anaongea na nani.

"Najua vizuri," akasema, akinionyesha rundo la mawe. "Si wewe ndio bwana ya Mwongeli?"