Kibanda Hiki Hakiondoki

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiunga na kikundi cha mazingira. Mimi! Fundi baiskeli wa miaka kumi na tisa, ninayemwaga mafuta machafu mtaroni bila hata kugeuza shingo.

Si kwa mapenzi ya miti. Ni kibanda. Jana kikundi kilipitisha azimio kwamba vibanda vyote vilivyosimama juu ya mtaro viondolewe, eti vinazuia maji. Changu ndicho kikubwa kuliko vyote. Nilikijenga kwa mikono hii, nguzo mbili ukingoni, mbili ndani ya mtaro. Nikitafuta tundu la tyubu naichovya tu hapo chini ya miguu yangu, beseni la nini? Wakinihamisha nitakwenda wapi? Uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku?

Azimio litasimamiwa na kamati ya watu watatu: mwenyekiti na wanachama wawili watakaokuwa na pointi nyingi. Gunia moja la taka za mtaroni ni pointi moja. Kuhesabu ni Jumamosi. Basi nitaingia kamatini kwa heshima zote, kisha azimio nalizika humo humo.

Mke wangu anasema kibanda kinahamishika kwa nusu siku na wanakikundi wamejitolea kubeba. Kila serikali ina wapinzani wake.

Jumanne, 4 Machi

Mwenyekiti ni muuguzi mstaafu. Bado anamtazama kila mtu kana kwamba amekuja kuchomwa sindano. Ametugawia mtaro kwa alama za chokaa, kila mwanachama hatua thelathini.

Mimi nimepewa kipande cha kibandani kwangu. Kisafi! Tangu asubuhi nimepata magunia mawili, na moja ni tyubu zangu mwenyewe.

Juu yangu, maji yanakotoka, ng'ambo ya daraja dogo, ni kipande cha shemeji, kaka wa mke wangu, seremala. Tangu siku ya harusi ananiuliza lini nitapata kazi ya kweli. Basi utajiri wote uko kwake. Magodoro, chupa, matawi, mlima mzima umeziba mtaro kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yakifika pale yanakata kona na kutuama mbele ya karakana yake. Miaka sita anawalalamikia mbu. Na kwa kuwa ni mvivu wa kuinama, amejaza magunia matatu tu.

Hakuna usawa katika dunia hii.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya kwanza. Majani makavu chini, taka juu. Magunia tisa kwa saa moja.

Mwenyekiti alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono katika gunia la kwanza mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya majani. Aliandika sifuri, akaizungushia duara.

Muuza mboga, ambaye meza yake nayo imekaa juu ya mtaro, alicheka mpaka akaegemea nyanya zake. Nilimkumbusha kwamba mimi na yeye tumo katika chungu kimoja. Alisema ndiyo, ila mimi ndiye ninayechochea moto.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amekwenda kufunga milango kwa mteja, harudi mpaka jioni. Nilivuka daraja na uma wa bustani, magunia na mkokoteni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka kiuno kimekata rufaa. Magunia ishirini na matatu! Magodoro yote, matawi yote, na kiti kimoja ambacho nina hakika alikiunda yeye mwenyewe, maana kilikuwa na miguu mitatu.

Alasiri mlima ulilegea, ukaachia. Maji yaliyokuwa yametuama yaligeuka, yakapita mbio kuelekea kwangu, yakinguruma. Niliyapokea kama makofi.

Mke wangu alikuwa akipita. Aliuliza kama nimefikiri maji haya yote sasa yanakwenda wapi. Nilimjibu yanakwenda chini, kama maji mengine yote. Fundi mzima haulizwi maswali ya darasa la tatu.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi. Pointi ishirini na tano. Wa pili ni muuza mboga. Shemeji alikuta kipande chake kitupu, akabaki na tatu zake.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake alinipa mkono kwa mikono yote miwili, akatangaza mbele ya watu kwamba kwa mara ya kwanza tangu ajenge karakana, kizingiti chake kimekauka. Furaha ile sikuipenda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kamati ilikaa papo hapo. Nilitoa hoja kwamba azimio liahirishwe hadi mwisho wa mwaka. Mwenyekiti alipinga, akasema mvua ziko karibu na mtaro umeshafunguka. Kura mbili kwa moja. Nimerudi kibandani nikaandika mlangoni kwa chaki: KIBANDA HIKI HAKIONDOKI.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri.

Saa nne maji yalikuwa yamefika kwenye magoti ya nguzo. Wanakikundi walimsaidia muuza mboga kuhamisha meza, kisha wakaja kwangu. Niliwazuia mlangoni. Niliwasomea uamuzi wa kamati, kipengele kwa kipengele, huku nimekumbatia nguzo. Mwenyekiti alisema maji hayakuhudhuria kikao. Nilimwambia hilo ni kosa la maji. Shemeji aliniomba nitoke, akaniita shemeji yangu, neno ambalo hajawahi kulitumia bila dhihaka. Sikutoka. Alinivuta kwa mkanda wa suruali.

Saa nane kibanda kiliondoka. Kilikwenda kimesimama wima, polepole, mlango umefungwa, na maandishi yakisomeka vizuri mpaka kwenye kona.

Vifaa vyote na baiskeli tatu za wateja viko salama uani. Mke wangu alivitoa kwa mlango wa nyuma wakati mimi nikisoma vipengele.

Niliumia. Kile kibanda ndicho kitu pekee nilichowahi kukijenga kikasimama. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nililia, mvua ikanisitiri.

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Mwenyekiti ameandika kwenye kumbukumbu kwamba mwanachama mmoja alizibua mtaro peke yake, na kibanda chake kimekuwa cha kwanza kuondoka. Nilipigiwa makofi. Nilidai neno "kuondoka" lifutwe. Waliandika "kutoka".

Shemeji amenipa nafasi mbele ya karakana yake, pale palipokauka. Pana kivuli, pako barabarani, nikae nitakavyo. Mke wangu alikubali kabla hajamaliza kusema. Alinishika mkono na kusema amechoka kuogopa kila wingu. Nilisema nitafikiri. Kupokea fadhila ya mtu ambaye maji yake yamenibomolea? Shemeji alisema maji niliyafungulia mimi. Anapenda kujadili mambo madogo madogo.

Mke wangu alinikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi si mshindani. Mimi ni mshindi aliyecheleweshwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefikiri. Kosa halikuwa mtaro, kosa lilikuwa nguzo. Mbili ndani ya maji ni chache. Kipya kitakuwa na sita, katikati kabisa, ili maji yapite kushoto na kulia yakiheshimu. Azimio limeahirishwa hadi mwisho wa mwaka, na mjumbe wa kamati ni mimi. Nani atanizuia?

Shemeji amenipa mbao bila kuuliza. Anadhani ni za kibanda cha mbele ya karakana yake. Adhani.

Alasiri nimerudisha vifaa ukingoni, nikasimamisha nguzo ya kwanza. Mke wangu alikuja ukingoni, akaitazama, akalitazama wingu, akaniuliza safari hii vifaa aanze kuvihamisha siku gani. Nilimwambia asihangaike, hakiondoki.

Amekwenda zake na pampu ya baiskeli.