Yah: Kupinga Diski Isiyozunguka

Ofisi ya Karani,
Umoja wa Wapasua Mbao Tupendane,
Mafinga.

Ndugu Mwenyekiti Sifaeli,

Kichwa cha barua hapo juu kinahusika, na moyo wangu pia unahusika.

Umetutaka tuseme kabla ya Ijumaa kama kompyuta ya ofisi iwekwe ile diski mpya iitwayo SSD. Fundi Obeid alikuja kutoka Mbeya akatueleza kwamba kwa diski tuliyonayo kompyuta inachukua dakika kumi na saba kuwaka, na kwa hiyo mpya itachukua sekunde kumi na mbili. Alisema hivyo anatabasamu, eti kaleta habari njema! Mwenyekiti, naomba dakika zangu kumi na saba zisiguswe. Sababu ni hizi:

1. Obeid mwenyewe amekiri kwamba ndani ya SSD hakuna kitu kinachozunguka. Sisi ni watu wa msumeno. Tangu lini hapa Mafinga kitu kisichozunguka kikapasua ubao? Diski yetu ikianza kazi inakoroma, mpaka mlinzi nje anajua karani kafika. Hiyo nyingine nimeiweka sikioni, kimya. Nimeitikisa, kimya. Ningeuziwa msumeno wa namna hiyo ningeurudisha dukani siku hiyohiyo.

2. Kwetu salamu haiishi kwa sekunde kumi na mbili. Ukisema kamwene, ukaitikiwa kamwene, bado hujauliza walioamka nyumbani, mahindi, ng'ombe na mguu wa bibi. Mzee Jailos akija kuchukua kibali cha mzigo, kompyuta ikawa tayari hata hatujafika kwenye ng'ombe, nimwambie anyamaze? Hiyo ni dharau, na dharau ikianzia ofisini itafika mpaka kanisani.

3. Baridi. Mwezi wa saba vidole vinakufa ganzi, na jiko la mkaa ni moja tu yadi nzima, kwenye kibanda cha getini kwa Matilda anayeandikisha malori. Kompyuta ikiwa inajiwasha, mimi huenda kuota moto.

4. Basi niseme tu, maana nimeshaanza. Si moto. Mimi ni mgane wa miaka hamsini na mmoja, na Matilda nampenda. Mwaka mmoja na miezi miwili nimekuwa nikimwendea kwa dakika hizo. Nimeshauliza afya ya ndugu zake wote, hadi shangazi wa Nyololo. Limebaki neno moja tu, nalo nimelipangia wiki ijayo, au mvua zikiisha. Haraka haraka haina baraka. Sasa mkiniachia sekunde kumi na mbili, nitasema nimefuata nini getini? Jamani, mtakuwa mmeniozesha upweke!

Naomba hiyo SSD ipelekwe kwa watu wenye haraka zao. Mbeya wapo wengi.

Nisalimie Mama Yudith, watoto, wajumbe wote, na dereva wako mwenye kikohozi.

Wako mtiifu, asiye na haraka,
Aroni Kalinga,
Karani.

Nyongeza: Nilimpa Matilda barua hii anikagulie herufi. Amesoma hadi mwisho, amerekebisha neno moja, kisha akaniambia kwamba aliyekuandikia ombi la diski mpya ni yeye. Amechoka kunimiminia chai mwaka mzima, alitaka kuona kama nitakuja bila kisingizio cha kompyuta. Fundi Obeid aje kesho asubuhi. Nawe, Mwenyekiti, Jumamosi vaa koti lako zuri uende Tosamaganga kwa baba yake, wewe ndiye mshenga wangu. Hiyo Jumamosi yenyewe naiona mbali.