Sentensi Kumi na Mbili kwa Sauti ya Chuoni

Leo Jumatano, mwezi wa saba tangu nifiwe na mume wangu Machano, nimeumbuka. Shoga zangu, nawahadithia mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu. Atakayecheka acheke kimoyomoyo.

Mnajua nilikuwa na usaili katika nyumba ya wageni huko Mji Mkongwe, kazi ya kuandaa chai ya asubuhi. Mnajua pia kaka yangu keshasema: nikiikosa kazi hii, nifunge virago nikakae kwake Makunduchi. Na mimi kuiacha nyumba yetu ya Michenzani, na lile dirisha alipokuwa akikaa Machano, siwezi. Basi hofu yangu msiipime.

Niliambiwa wataniuliza kwa Kiingereza juu ya tabia zangu. Skuli mimi niliishia darasa la saba! Nikaenda Jang'ombe kwa Mwalimu Suleiman, anayefundisha barazani kwake. Akaniambia Waingereza wana maneno yao yanayokwenda pamoja, huwezi kuyachanganya utakavyo. Tabia kwao mtu huiokota, huiangukia, huivunja. Akiichoka sana, huipiga teke.

"Kwa nini wasiseme wameiacha tu, mwalimu?"

"Usiulize, Bi Mwanaidi. Shika hivyo hivyo yalivyo."

Akaniandikia sentensi kumi na mbili.

Nami kushika kitu najua njia moja tu, ile ya chuoni nilikosoma Kurani: kukaa mkekani, kuyumba mbele na nyuma, kusoma kwa sauti ya kuvuta. Wiki mbili nzima jikoni. (Jirani wa juu aliteremka na sahani ya tende, akidhani namsomea marehemu. Tende nikala zote.)

Asubuhi ya leo nimefika mapema mno. Aliyenifungulia ni mlinzi, Mzee Foum, sigara mkononi, bado hajaiwasha.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona watetemeka, mwanangu? Njoo, nnakupeleka mwenyewe."

Akanipeleka hadi ofisini, kisha akajikalisha kwenye kigoda cha mlangoni kama aliyekuja arusini.

Meneja ni Bi Nargis, mama wa Kihindi wa hapa hapa mjini, miwani kwenye ncha ya pua. Akaniuliza polepole, kwa Kiingereza. Nikalisikia neno tabia, mengine yote yakanipita. Nikaiona Makunduchi. Nikafumba macho.

Sauti iliyotoka ni ile ya jikoni!

Sentensi ya kwanza ikatoka na mvuto wake wote. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mwili ukaanza kuyumba. Najisikia, na kujizuia siwezi. Nikasema nimeivunja tabia ya kuvuta sigara. Nikasema nimeiangukia tena tabia ya ulevi. Nikasema mume wangu ana tabia ya kukoroma. Zote kumi na mbili, sikuruka hata moja. Na nilipomaliza (Mungu anisamehe) mikono ikanyanyuka yenyewe, kama tulivyokuwa tukifunga chuo kwa dua.

"Aaamin!" akaitikia Mzee Foum mlangoni, akajipangusa uso.

Bi Nargis akavua miwani, akahamia Kiswahili.

"Bi Mwanaidi, wewe unalewa?"

"Sijapata hata kuonja! Hizo si zangu, za mwalimu."

"Zote?"

Uongo siuwezi. "Ile ya kutafuna kucha ni yangu. Na ya mume kukoroma ilikuwa kweli. Lakini kafariki."

Hakucheka. Alizitazama kucha zangu. Nikazificha chini ya ushungi.

"Na asubuhi una tabia gani? Nambie kwa Kiswahili."

"Alfajiri nateleka chai. Namimina vikombe viwili. Cha pili kikishapoa nakimwaga. Hiyo sijui Waingereza wanaivunjaje."

Akazivaa miwani zake, akazivua, akazipangusa, akazivaa tena.

"Kesho njoo alfajiri. Nitakutazama siku tatu. Vikombe hapa viko vingi, mimina utakavyo. Lakini wageni wakikusemesha, nakuomba, usiwasomee."

Nikatoka nimelowa jasho, nusu nina kazi, nusu sina. Kwenye mlango mkubwa Mzee Foum akanizuia, safari hii na kiberiti mkono wa pili.

"Dua yako ndefu, mwanangu. Ilikuwa ya nini?"

"Si dua, mzee. Ni Kiingereza. Habari za kuacha sigara, na mambo kama hayo."

Akaiangalia sigara. Akaniangalia mimi.

"Ndo unanambia saa hizi? Na mimi nshaitikia amin!"

Akairudisha kwenye pakti, akanifungulia mlango bila ya kuniaga.