Hewa ya Ukumbini

Umma wote unaopumua ulijulishwa, kwa matarumbeta na vipaza sauti, kwamba serikali imeanzisha Mfuko wa Utafiti wa Anga na Tabianchi. Kuanzia siku hiyo hakuna wingu ambalo lingepita juu ya nchi bila nia yake kufahamika. Mkurugenzi wa Mfuko, bwana mnene wa sauti na mwembamba wa subira, alikata utepe, akakata keki, kisha akakata bajeti.

Bajeti ilikatwa kwa sababu za msingi. Mfuko ulihitaji jengo, maana utafiti wa anga hauwezi kufanyiwa angani. Jengo lilihitaji ukumbi wa mikutano. Ukumbi nao ulihitaji madirisha ya vioo yasiyofunguka, ili vumbi lisiwasumbue wajumbe, na viti vya ngozi vinavyozunguka, ili kila suala liweze kutazamwa kutoka pande zote. Kilichobaki kwa ajili ya utafiti kilikuwa kiduchu, lakini Mkurugenzi hakubabaika.

"Mama watoto, utafiti ni moyo," alimwambia mkewe.

"Na huo moyo unanunua vifaa?" mkewe akauliza. Alikuwa mwalimu wa hisabati, hakuwa na staha ya kiutawala.

Mwombaji wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyeitwa na wenzake Daktari wa Mawingu. Alikuwa na tabia ya kutazama juu hata anaposalimiwa na wakubwa, jambo ambalo Mkurugenzi aliliona kama dharau. Aliomba vifaa vya kupima hewa na mvua mlimani, ili wakazi wa bondeni wapewe habari kabla mto haujafurika.

"Mwaka jana mto ulimfuata shangazi yangu mpaka chumbani," aliieleza Kamati ya Mfuko. "Hakuna aliyemwonya."

"Pole sana," alisema Mkurugenzi, na wajumbe wakainamisha vichwa. Wawili kati yao walikuwa wameshaviinamisha tangu mapema. "Lakini huo mlima uko mbali, Daktari. Sera ya Mfuko ni kusogeza huduma karibu. Hakuna hewa ya jirani?"

"Hewa iko kila mahali, Mkurugenzi. Ila mafuriko yanaanzia kule."

"Umesema mwenyewe iko kila mahali. Sasa tuifuate ya mbali ya nini?"

Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mkurugenzi akaendelea, "Na matokeo ya utafiti wako yatakuwaje?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nataka kupima."

Wajumbe walitazamana kama mtu ametukana mbele ya wakwe.

"Daktari," Mkurugenzi alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mgonjwa kutembea, "unakuja kuomba fedha za umma kwa jambo usilolijua?"

Mama yule hakukata tamaa. Alirudi, akarudi tena, na kila aliporudi mradi ulisogezwa karibu zaidi na wadau. Kutoka mlimani ukateremshwa hadi kilimani. Kutoka kilimani ukaletwa juu ya paa la jengo la Mfuko. Paa nalo likakataliwa, kwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati alikuwa na ndoto ya kujenga pale sehemu ya kupumzikia. Alasiri moja, chai ikiwa imeshanywewa na miayo ikizunguka meza kwa zamu, Mkurugenzi alipata ufumbuzi.

"Pima humu humu ukumbini," alisema. "Hewa ni hewa."

Kamati ilipitisha kwa kauli moja. Mjumbe aliyekuwa amelala aliinua mkono pia, kwa mazoea.

Daktari wa Mawingu aliyatazama madirisha yasiyofunguka. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama Mkurugenzi usoni.

"Nimekubali. Ila nauliza tu. Kanuni inasema matokeo ya kila utafiti uliofadhiliwa yatekelezwe mara moja. Inafanya kazi hiyo kanuni?"

"Sana! Sisi hatufadhili utafiti wa kupamba kabati."

Basi kifaa kidogo chenye taa ya kijani kikawekwa katikati ya meza. Asubuhi taa ilibaki kijani. Hotuba ya ufunguzi ilipoisha ilikuwa njano, na Mkurugenzi alipofika kwenye maelezo ya utangulizi wa ajenda ikawa nyekundu. Daktari pia aliwauliza wajumbe maswali mepesi kwa nyakati tofauti. Asubuhi waliyajibu yote bila taabu. Alasiri waliulizwa leo ni siku gani, wakagawanyika, wakaunda kamati ndogo.

Utafiti ulikamilika kwa wakati, tukio ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya Mfuko. Mkurugenzi alifungua ripoti, akaona maneno "viwango vya juu kupita kiasi cha kawaida", akaifunga kwa furaha. Jioni hiyo alimwambia mkewe kwamba ukumbi wao una viwango vya juu ajabu.

"Viwango vya nini?"

"Vya juu, mama watoto. Vya juu ni vya juu."

"Baba watoto, isome kwanza."

"Nitaisoma mbele ya Waziri," alisema, na hilo akalitimiza.

Waziri alikuja alasiri. Alikuwa mama wa maneno machache, na kabla ya siasa alikuwa muuguzi. Ukumbi ulijaa wageni, milango ikafungwa kwa heshima yake. Mkurugenzi alisimama, akakohoa kidogo, akaanza kusoma kwa sauti iliyotetemesha glasi.

"Utafiti umebaini kuwa, ifikapo alasiri, hewa ukaa ndani ya ukumbi huu hupanda kiasi kwamba wajumbe..." Hapo alipunguza mwendo. Lakini kipaza sauti kina utamu wake, na hakuwahi kuiachia sentensi katikati. "...kiasi kwamba wajumbe hawana uwezo wa kufanya uamuzi mgumu kuliko kuchagua chai au kahawa."

Wajumbe walipiga makofi.

"Mkurugenzi," Waziri aliuliza, "mikutano yenu huwa saa ngapi?"

"Alasiri, Mheshimiwa. Asubuhi huwa tunajiandaa."

"Na matokeo haya yanatakiwa kutekelezwa lini?"

"Mara moja, Mheshimiwa. Kanuni niliitunga mwenyewe."

Ni baada ya kulisema hilo ndipo alipoitazama ripoti upya.

"Vizuri," alisema Waziri. "Basi kila uamuzi uliofanyika humu alasiri umefutwa. Kuukataa mradi wa mlimani, alionieleza Daktari, kumefutwa. Na wewe je, ulithibitishwa kazini saa ngapi?"

Mkurugenzi alimgeukia Mwenyekiti kwa macho ya kuomba msaada. Mwenyekiti aliamka, akafurahi kuulizwa kitu anachokijua.

"Alasiri, Mheshimiwa! Nakumbuka vizuri, maana vikombe vilikuwa vinakusanywa."

Waziri alihamishia kikao nje, kwenye maegesho ya magari. Wajumbe wale wale, wakipigwa na upepo huku wamesimama, walipitisha mradi wa mlimani kabla hawajamaliza kupanga mstari. Walipitisha na king'ora cha bondeni. Daktari wa Mawingu aliulizwa anahitaji nini kingine.

"Mtu wa kukaa na vifaa kule juu," alisema. "Asiye na shughuli nyingine."

Hakuna aliyetaja jina la mtu. Watu walitazama tu upande mmoja.

Mvua kubwa ilipokuja, Mkurugenzi wa zamani aliisoma kwenye vifaa, akapiga simu kama alivyoelekezwa, kwa sauti yake ile ile iliyofaa sana kwa kazi hiyo. Wakazi wa bondeni walihama na vitanda vyao mchana kweupe. Mto ulifika ukakuta nyumba tupu. Daktari wa Mawingu alimpigia kumshukuru, na bwana yule akamjibu kwa neno moja tu, hali iliyomshangaza mwenyewe.

Baadaye alimpigia mkewe.

"Chakula unapata huko?" mkewe aliuliza.

"Napata."

"Baridi je?"

"Nimeizoea."

"Sasa mbona sauti imepooza hivyo, baba watoto? Hewa ni mbaya?"

"Hapana, ni safi mno. Hiyo ndiyo shida yenyewe." Alivuta pumzi ndefu, akajuta papo hapo. "Akili inafanya kazi kutwa nzima, mke wangu. Nakumbuka kila kitu nilichowahi kuamua."