Mkanda wa Tumboni na Ndafu wa Neema

Jamani, leo nimeadhirika. Tena nimeadhirika mbele ya mbuzi mzima, kachomwa, kasimamishwa mezani, majani mdomoni, ananitazama.

Naandika nikiwa intaneti kafe hapa Moshi mjini, bado nimevaa gauni la sare ya shughuli, la zambarau, na kifuani kuna doa ambalo sitaki kulizungumzia. Nimekimbilia humu kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu wa ukoo wangu.

Kwa msionijua: nina duka la vitenge Njoro, na nilikuwa mnene. Sisemi nilikuwa "na mwili". Nilikuwa mnene. Watu wa kwetu wanasema mwili ni baraka. Sawa, lakini baraka zangu zilikuwa haziniruhusu kupanda ngazi bila kushika ukuta. Basi miezi mitatu iliyopita nikaaga kwamba nafuata mzigo Dubai, kumbe naenda India kufungwa mkanda tumboni. Mkanda kweli, mdogo kama bangili ya mtoto. Wanakulaza usingizi, wanaubana kwa ndani, sehemu ya juu ya tumbo, na kuanzia hapo ukila vijiko vichache tu chakula kinagoma kushuka. Daktari alinionya: nyama choma sahau kwanza, kila kitu kitafunwe mpaka kiwe uji, na kikikwama usinywe chochote. Aliyejua siri hii ni mume wangu peke yake.

Nikaanza kupungua. Nikadhani watu watanisifu. Thubutu! Hapa kwetu mtu akinenepa anaulizwa anakula nini, akikonda anaulizwa amelala na nani.

Aliyeanza ni Mama Jeni, jirani yangu, mwanamke ambaye ulimi wake haupumziki hata Ijumaa Kuu. Mara naletewa mtori, supu ya ndizi, kama mzazi. Mara naletewa asali ya nyuki wadogo. Mara mtu ananishika mkono dukani kwangu, sauti chini: "Dada, siku hizi dawa zipo, usijifiche." Nikamjibu, "Na ya umbeya ipo?" (Hata ningekuwa naumwa huo ugonjwa wenyewe, kitenge changu kingekuambukiza? Nunua au toka.)

Ningewapuuza wote kama si Neema. Neema ni binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi tangu anavaa nepi, na Jumamosi ijayo anaolewa Machame. Sasa juzi habari zikatufikia kwamba bibi yake bwana harusi, mama mzima, mwenye kauli katika ukoo wao, ameuliza: "Yule shangazi aliyemlea mbona anakwisha? Ile nyumba iko salama? Tusimame kwanza." Mtoto alilia siku nzima. Maharusi wote wawili wameshapima, majibu safi, kanisa limeyaona. Lakini umbeya hausomi majibu. Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Siku ya sendofu, tukikuaga, nitakula mbele yao, waone mgonjwa yuko wapi."

Mnaona ujinga ulipoanzia? Mtu kafungwa tumbo, anaahidi kula.

Basi leo ndiyo ilikuwa sendofu. Nikavaa sketi mbili chini ya gauni ili nionekane nina mwili. (Ndiyo. Nimeenda mpaka India nipungue, halafu nikajijaza nguo ninenepe. Endeleeni kusoma tu.) Wakwe wakaingia ukumbini, suti nzito katika joto lote hili la mjini, wakapangwa mstari wa mbele, na wote wakaanza kunikagua kuanzia kisigino. Nikaenda kwa bibi, nikainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Unaendeleaje?"

Kwa sauti ileile ya kutembelea wodi! Nikamwambia naendelea vizuri sana, nina njaa tu.

Ikafika zamu ya ndafu. Kwa mlio mbali na mlima: ndafu ndiye keki yetu. Mbuzi anachomwa mzima, bibi harusi anakata vipande, anawalisha wazazi wa pande zote mbili. Ukila, umembariki na ukoo anaokwenda umeupokea. Ukikataa, umesusa, na hilo litasimuliwa mpaka wajukuu wazeeke. Nilikuwa nimemwomba Neema mapema anikatie kidogo, kama punje ya hindi. Mtoto ana akili, akaanza kukata kiduchu.

Emsii akamshika mkono. Yule emsii, Mungu anisamehe, ni mtu ambaye bila kipaza sauti hata mkewe hamsikilizi. "Hapana, hapana, hapana! Huyu ndiye mama, huyu ndiye baba! Kipande kidogo ni cha adui! Mkatie kinachomstahili!"

Makofi. Vigelegele. Neema akanitazama, akakata pajani kipande kama cha sabuni ya mche, akanitia mdomoni.

Nikatafuna. Wazazi wa bwana harusi wakalishwa, wakameza, wakafuta midomo. Mimi natafuna. Wajomba wakalishwa. Natafuna. Muziki ukaisha, mimi na yule mbuzi bado tunashindana. Emsii akaniona. "Jamani, shangazi bado! Huyu mbuzi leo anakufa mara ya pili!" Ukumbi ukacheka. Bibi hakucheka, alinyoosha shingo. Na pembeni Mama Jeni kamwinamia mwenzake, hata kunong'ona hajui: "Hawezi kumeza. Ugonjwa umeshamfika kooni."

Hasira zikanipanda. Nikamkazia macho, nikameza.

Ruwa, Mungu wangu! Nyama ikashuka mpaka kwenye mkanda, ikasimama pale kama lori la mpakani Holili lililokosa karatasi. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Kifua kikabana. Mate yakaanza kujaa mdomoni, yale ya kuvutika kama bamia. Na mimi natabasamu! Natabasamu huku machozi yananitoka, watu wanadhani ni furaha ya kumwozesha mtoto. Neema peke yake alijua si furaha. "Shangazi? Shangazi, vipi?"

"Mpeni soda asukumie!" Mama Jeni huyo, kafika na chupa. (Anafika haraka kila mahali asipoitwa.) Kabla sijakaza meno, soda ya machungwa ilikuwa imeshaingia. Na emsii, kwa akili zake, akaona ndiyo saa ya kuniletea kipaza sauti mdomoni: "Shangazi, neno moja kwa bibi harusi!"

Neno likatoka. Likaanza na mcheuo, spika nne zikaupokea, nasikia ulifika mpaka barabarani. Kisha soda. Kisha mate. Kisha kile kipande, kizima, kikaruka na kutua mapajani kwa bibi.

Watoto wakasimama juu ya viti waone.

Halafu Mama Jeni akainua mikono. "Tumwombee dada yetu! Pepo la maradhi lishindwe!" Wanawake wakanizingira, mikono kichwani, mikono mgongoni, mwingine kanishika sketi ya ndani akashangaa ni ya nini. Mwinjilisti wa wakwe akachukua kipaza sauti: "Bwana, mpe mama huyu ujasiri wa kuanza dawa mapema." Amina kubwa. Nikajaribu kusema, mate yananizuia. Nikatazama kati ya mikono ile yote nikamwona bibi. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anamwangalia Neema, kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani.

Hapo nikashindwa. Nikamnyang'anya mwinjilisti kipaza sauti.

"SIUMWI! Nimefungwa mkanda tumboni! India! Kwa hiari yangu! Ili nisile! Mwacheni mwanangu!"

Wauza ndizi walioko nje waligeuka. Mimi mwenyewe niliposikia sauti yangu inazunguka ukumbini nikatamani lile tumbo la mbuzi lifunguliwe niingie.

Bibi akafuta mapaja yake taratibu, akasimama. "Mkanda? Tumboni?"

"Ndiyo, bibi."

"Wa kazi gani?"

"Wa kunizuia kula."

"Amekufunga nani?"

"Daktari, bibi."

"Kwa nguvu?"

"Hapana, bibi. Nilimlipa."

Akakaa. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, mjukuu wake akakiokota, bibi akakidondosha tena. "Mae! Mae! Mtu mzima! Katoka Kilimanjaro, kwenye ndizi na maziwa, kapanda ndege, kaenda kulipa anyimwe chakula!" Kisha akawageukia watu wake, akanyoosha kidole kwangu, na bila kipaza sauti ukumbi mzima ulimsikia.

"Huyu si mgonjwa. Ni mjinga. Na ujinga wenyewe si wa kurithi, binti namwona anakula vizuri. Harusi ipo!"

Vigelegele mpaka bati likatikisika. Bibi akamvuta Neema akamkalisha pembeni yake, akamlisha nyama kwa mkono wake mwenyewe, na Neema anacheka na kulia kwa pamoja, wanja mashavuni. Mama Jeni alikuwa amesahau kushusha mikono. Mimi nikapitia mlango wa jikoni, na huko nako wapishi wanaulizana kama mkanda huo una kifungo au ni wa kufungwa kwa kamba.

Kwa hiyo mwanangu anaolewa Jumamosi, nashukuru Mungu, na nimeambiwa siku hiyo bibi anataka nikae meza moja naye ili aone navyoshindwa kula. Naombeni anicheke yule tu aliyewahi kulipia njaa. Wengine wote, nyamazeni.