Mguu wa Twaibu

Twaibu alisoma lile tangazo mara mbili, akaona pikipiki aliyoiota miaka yote imeshafika. Lilibandikwa ukutani mwa univesite moja ndogo ya Mikelenge, pale Kindu: mwanafunzi akivunjika mguu, asiransi, ile bima ya shule, itamulipa dola mia mbili. Na Twaibu alikuwa mwanafunzi. Karte ya mwanafunzi alikuwa nayo tangu miaka mitatu. Darasani tu njo hakuwahi kuingia.

Wakati wa vita, askari walikamata wanaume wote wawabebee mizigo, lakini mwenye damu walimuacha. Twaibu alitembea barabara yote ya Kalima na bendeji ya uongo kichwani. Bendeji ile ilimufaa kuliko diploma. Basi kesho yake, tangazo likiwa bado kichwani, alizungusha vitambaa mguuni, akapaka chokaa ya nyumba, akaingia ofisi ya asiransi akichechemea na kulia kwa kipimo.

Ukutani iko sanduku la huduma ya kwanza. Ndani mulikuwa mkasi mmoja na sukari ya chai ya Madame Odile, mukubwa wa asiransi. Wakubwa wetu wakiumia, hawafungui sanduku, wanapanda ndege.

— Madame, nimeanguka kwenye ngazi za bibliotheki, nikibeba vitabu.

— Pole, papa. Leta karte.

Alifungua daftari, akateremsha kidole, akakisimamisha.

— Lakini mguu huu ulishavunjika mwezi wa pili. Tulikulipa.

— Mimi? Nani alipokea?

— Wewe. Sahihi yako njo hii. Mwezi wa tano, mguu wa pili. Mwezi wa nane… pole sana, papa, mkono wa kuume ulikatwa.

Twaibu alitazama mkono wake wa kuume. Ulikuwepo, unatoka jasho. Hapo akaelewa ni nani alikuwa anavunja miguu yake mwaka muzima.

— Na nilisaini na mkono gani, Madame?

— Ule ule. Njo kitu polisi watapenda kukuuliza.

— Basi kumebakia nini?

Madame Odile alivaa miwani, akasoma polepole kama yuko kanisani:

— Kifo tu. Dola elfu moja.

Kisha akaita: — Ephraïm! Washa ambulansi!

Ephraïm, dereva mwenye mabega mapana kama mlango, aliingia, akamupima Twaibu kwa macho toka kichwa mpaka kisigino.

— Huyu anaingia vizuri, alisema.

Mguu uliovunjika njo ulitangulia kuruka dirishani. Chokaa ilidondoka njia nzima.

Baada ya juma moja Twaibu alirudi, kofia imeshuka usoni, amushitaki Madame kwa mukubwa wa univesite. Getini alikuta picha yake yenye mstari mweusi, na chini yake Ephraïm na beseni.

— Matanga ya mwanafunzi wetu, ndugu. Faranga elfu mbili. Asiyetoa hapiti.

— Alikufa na nini?

— Ngazi za bibliotheki.

— Ninataka kumuona mukubwa.

— Mukubwa iko ndani, anaandika hotuba ya mazishi. Ameshalia mara mbili.

Twaibu alishika kofia, akageuka kurudi. Ephraïm akamuzuia kwa beseni.

— Kutoka pia ni elfu mbili.

Akalipa. Ephraïm akainama kidogo, akachungulia chini ya kofia.

— Pole, ndugu. Mnafanana sana.

Twaibu akarudi nyumbani kwa miguu, yote miwili mizima.